Pointi za kununua, mikesha na minervali ya Mama: jibu kwa mwanafunzi wa Goma

Swali

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili wa uchumi hapa Goma. Kwetu ni Butembo. Hapa naishi Katoyi kwa shangazi. Nimeokoka tangu sekondari, lakini chuo kinanishinda. Shefu wa promosio, yaani kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wetu, anakusanya dola 10 kwa kila mtu ampelekee asistenti (mwalimu msaidizi) wa takwimu "ili atuangalie vizuri". Mwisho ni Ijumaa ya juma lijalo, na asiyetoa jina lake linaandikwa kando. Kikundi chetu cha maombi, sisi wote watu wa Butembo, kina mikesha mitatu kwa juma, na kiongozi anasema anayefeli ni kwa sababu hakuomba vya kutosha. Mwaka jana nilibaki na masomo mawili. Mwezi uliopita kiongozi alituomba tupande mbegu kwa ajili ya mitihani, nikatoa dola 60 katika minervali (ada ya chuo) aliyonitumia Mama. Sasa sijui hata Ukristo wangu uko wapi: kwenye maombi, au kwenye kukataa dola 10 kisha nifeli? Mkristo aishi vipi chuoni?

Jibu

Mwanangu, amani ya Bwana. Umeandika wazi, hata habari ya zile dola 60, na hilo linanirahisishia kazi. Wengi hunijia na jambo la pesa likiwa limefunikwa na "Mchungaji, uniombee tu".

Nitaanza na dola 10 za asistenti kwa sababu zenyewe zina tarehe. Mengine yatangoja kidogo.

Kwa swali hili hatuhitaji kwenda mbali. Floribert Bwana Chui alizaliwa mji huu wa Goma mwaka 1981, akasomea sheria hapahapa. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, akitumia saa zake pamoja na watoto wa mtaani, hawa tunaowaita maibobo, akihangaika warudi shule. Baadaye akapata kazi OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, akawekwa mpakani. Ikaja shehena ya chakula kilichoharibika. Wenye mali wakampa pesa ili kipite, akakataa. Wakamshinikiza, akazidi kukataa. Julai 2007 akatekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alipozungumza na vijana katika Stade des Martyrs ya Kinshasa, 2 Februari 2023, alimtaja kwa jina alipofika kwenye habari ya uaminifu. (Goma ilikuwamo katika ratiba ya safari iliyopangwa 2022, safari ikaahirishwa, na alipokuja mwaka uliofuata sisi tukabaki kumtazama kwenye televisheni.) Kisha tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki likamtangaza Floribert mwenyeheri, mjini Roma. Mimi ni mchungaji Mbaptisti, kwetu hatuna desturi ya kutangaza wenyeheri. Hata hivyo siku ile ilikuwa Jumapili, na vijana wa parokia yetu waliisikia habari yake kutoka mimbarini.

Ninachokitaka katika habari hii si kifo chake. Hakuna aliyekuomba ufe, na ukianza kujipima kwa shahidi utachoka kabla mwaka haujaisha. Nataka swali lake. Waliomfahamu wanasimulia kwamba kilichomsumbua ni wale ambao wangekula chakula kile. Sisi watu wa ibada tuna tabia ya kuliweka jambo la rushwa kati ya mtu na Mungu peke yao: nikitoa, nimetenda dhambi? Nikikataa, Mungu atanitetea? Hayo ni maswali halali, lakini katikati yake kuna mtu amesahauliwa, naye ni mlaji.

Basi uliza hivyohivyo juu ya takwimu: nani ataila? Wewe unasomea uchumi Goma. Ukimaliza, huenda kazi yako ya kwanza itakuwa na shirika fulani: utapewa tableti na jileti, utumwe kuhesabu kaya zilizokimbia vita. Asiyejua kuchukua sampuli ataandika kaya 400 pale penye 700. Lori la unga litafika, na kina mama wa kaya 300 watarudi na ndoo tupu. Hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba njaa ile ililipiwa zamani, kwa dola 10, mikononi mwa shefu wa promosio. Mwenzako wa udaktari akinunua pointi za anatomia, atakayelipa ni mgonjwa. Wa ujenzi akinunua somo la uimara wa vifaa, atakayelipa ni mpangaji wa ghorofa ya tatu, katika mji ambao Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, ulitetemeka siku baada ya siku hadi kuta zikapasuka.

Kwa hiyo jibu langu ni usitoe. Na sikwambii "usitoe, Mungu atafungua mlango". Inawezekana asifungue mlango wa takwimu mwaka huu.

Lakini kukataa kuna namna yake, na hapa vijana wetu waliookoka huharibu. Husimama mbele ya oditwari nzima, yaani ukumbi wote wa masomo, Biblia mkononi, wakamwita shefu wa promosio mwana wa Ibilisi. Wanapata maadui 200 kwa dakika moja, na asubuhi yake wanaiita vita hiyo mateso kwa ajili ya Kristo. Soma tena Danieli sura ya 1, polepole. Vijana wale walipelekwa ugenini, wakapewa majina ya kigeni, wakaingizwa miaka mitatu katika elimu na lugha ya Wakaldayo. Hawakukataa elimu. Hawakugombana hata juu ya majina. Walichagua jambo moja, chakula cha mfalme, na hapo Danieli alikwenda kwa adabu kwa mkuu wa watumishi. Yule akaogopa kwa ajili ya kichwa chake, na Danieli hakumlaani. Akashuka kwa msimamizi wa chini yake, akapendekeza jaribio la siku 10, la vyakula vya shamba na maji. Angalia kazi iliyo ndani ya kukataa kule: kujua ni nani wa kuongea naye, kumwacha mwenzako na heshima yake, kuja na pendekezo mkononi. Na hakuwa peke yake, walikuwa wanne.

Wewe fanya vivyo hivyo. Mtafute shefu wa promosio akiwa peke yake, si mbele ya watu. Mwambie: "Ndugu, mimi sitatoa, na sitakwenda kukuchongea, ila naomba jina langu lisiende kwenye karatasi yoyote, ya waliotoa wala ya wasiotoa." Sentensi hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko unavyodhani. Orodha ndiyo inayotisha watu, na mara nyingi aliyeitunga ni shefu mwenyewe; asistenti hajawahi kuiona. Nimekuwa asistenti miaka kadhaa kabla ya kuwa mchungaji, nami najua michango mingi husemwa kwa jina la asistenti ambaye anapokea nusu yake, au hapokei kitu kabisa. Kisha tafuta wenzako wawili au watatu wasiopenda kutoa. Wapo. Wanangoja mtu atangulie. Na si lazima wawe wa kanisa lako. Nakuambia kwa uzoefu kwamba utampata Mwislamu mmoja mwenye msimamo kuliko nusu ya kwaya.

Pendekezo la mkononi ni hili: wakati wengine wanakusanya dola, ninyi mkusanyane wenyewe kwa takwimu. Mitihani ya miaka iliyopita inauzwa kwenye vibanda vya fotokopi nje ya lango la chuo. Nunueni, mfanye mazoezi yote, tena na tena. Mtu mwenye kopi, yaani karatasi yake ya majibu, iliyojaa hesabu zilizofuatana ni vigumu kumpa 6 kwenye 20 bila aibu. Si kwamba haiwezekani, ila ni vigumu. Na ukiona alama usiyoielewa, una haki ya kuomba kuiona kopi yako na kupeleka malalamiko kwa maandishi kwa wakuu wa fakilte (kitivo) ndani ya siku zilizowekwa, ambazo ni chache. Usingoje hasira ipoe. Andika kwa heshima, taja somo, tarehe, swali lenye utata, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Usiandike neno "rushwa" kama huna ushahidi.

Kuna pesa nyingine ambazo si za namna hii, nawe usizichanganye, utajitesa bure. Silabusi (kitabu cha somo) ya profesa, hata ikiuzwa ghali kuliko thamani yake, ni kitu unachonunua na kuondoka nacho. Mchango wa karatasi za mtihani, ukiwa umetangazwa na fakilte na unapewa risiti, ni mchango. Na kuna hali ya tatu, chungu zaidi: umefanya mtihani, umepata pointi zako halali, kisha mtu anakalia alama hizo hadi umpe kitu. Hapo hununui, unaporwa. Pambana kwa njia zote zilizopo, shirikisha wakuu, shirikisha wazazi. Lakini nikimwona mwanafunzi aliyegonga milango yote ikafungwa, akalipa ili apewe kilicho chake, simhesabu pamoja na aliyenunua. Naamani alimwambia Elisha kwamba atalazimika kuinama katika nyumba ya Rimoni kwa sababu mfalme wake anaegemea mkono wake. Nabii alimjibu aende kwa amani. Neno lile nimelihifadhi kwa ajili ya watu wa namna hiyo, silitoi kwa wavivu.

Sheria yenyewe iko upande wako. Tangu 2005 sheria ya makosa ya jinai ya Kongo inamwadhibu anayepokea rushwa na anayetoa pia. Najua utauliza leo anaitekeleza nani hapa mjini. Sitakudanganya kwamba una mahakama mlangoni. Nakuambia ili ujue kwamba shefu wa promosio hakuombi "mchango wa kawaida", na kwamba wewe hujawa mtu wa ajabu kwa kukataa.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa wewe ni msichana na asistenti ni mwanamume, nitalisema. Ikitokea bei ibadilike kutoka dola kuwa mwili wako, hayo si majaribu ya kuombea kimya kimya. Ni kosa la jinai: sheria ya 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono imeweka adhabu kwa anayetumia cheo chake kumsumbua mtu namna hiyo. Usiende ofisini kwake peke yako, usifute ujumbe wowote aliokutumia, mwambie shangazi siku hiyohiyo. Na akitokea mtu wa kanisa akakuuliza ulikuwa umevaa nini, ondoka hapo uje kwangu, au kwa mama mchungaji.

Sasa mikesha.

Mikesha mitatu kwa juma, mwanangu, kwa mtu mwenye kozi saa mbili asubuhi, ni mzigo ambao hata kiongozi wenu asingeubeba kama angekuwa anafanya mitihani. Nauliza tu: yeye anasoma? Mara nyingi nimekuta kwamba anayepanga mikesha ya wanafunzi amekwisha kuacha masomo, na asubuhi analala. Masomo yenu ya mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) yanahesabu kredi, na ndani ya kredi mna saa za kazi yako binafsi, si zile za oditwari tu. Saa hizo unazitoa wapi? Unazitoa usiku, kwa sababu mchana kuna maji ya kuchota, kuna kupika kwa shangazi, kuna umeme uliokatika. Ubongo nao hupanga usiku yale uliyosoma mchana. Asiyelala anasoma leo na kusahau keshokutwa. Kama masomo yako mawili yalianguka kwa sababu ya kukesha, basi dawa anayokupa kiongozi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Wala usidhani Maandiko yako upande wa kutolala. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumwamsha ili aombe zaidi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mimi napenda sana kwamba muujiza wa siku ile ni chakula na usingizi.

Na ile kauli kwamba anayefeli hakuomba vya kutosha? Sitaipaka sukari: ni uongo, tena uongo unaoumiza watu wanyenyekevu na kuwafurahisha wenye kiburi. Aliyefaulu kwa kununua ataonekana ameomba vizuri. Aliyelala njaa akapata 9 ataonekana ana dhambi ya siri. Danieli na wenzake walipewa na Mungu maarifa, imeandikwa hivyo, lakini waliyapewa ndani ya miaka mitatu ya kufundishwa, si usiku wa kuamkia mtihani. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anayeteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi humwomba Mungu kabla ya mteremko, na unapomkuta akiomba tayari amekwisha kuikagua breki. Hakuna anayemwambia ana imani ndogo.

Sikukatazi kuomba. Ningekukataza ningekuwa mchungaji wa namna gani? Omba asubuhi kabla ya kuchota maji, hata robo saa. Nenda mkesha mmoja kwa mwezi, Ijumaa, ulale Jumamosi. Jumapili uwe ibadani na parokia nzima, na wazee na watoto wanaolia, kwa sababu kikundi cha vijana wa rika moja peke yake hupandisha joto haraka na hakina mtu wa kufungua dirisha. Saa zinazobaki ni za masomo, na usizihesabu kuwa saa ulizomwibia Mungu. Kwa miaka hii ya chuo, kusoma ndiyo kazi aliyokupa. Mkulima wa Lubero haombi ruhusa ya kulima kana kwamba jembe linamtoa kanisani.

Kuhusu mbegu, hapo nina hasira kidogo, si kwako.

Tangu Januari 2025, benki za hapa Goma zilipofunga milango, unajua minervali inavyofika: kwa simu, kwa makato, au mkononi mwa mtu anayepita njia ambayo siku fulani inapitika na siku nyingine haipitiki. Mama yako ameuza nini Butembo hadi zikapatikana dola zile? Sijui kazi yake, lakini nawajua kina mama wa Butembo. Pesa ile ilikuwa na jina tayari kabla haijakufikia. Iliitwa masomo. Haikuwa yako ya kuitoa, na kiongozi anayejua kwamba wanafunzi wake hawana mshahara alijua pia kwamba kila dola inayoingia kwenye kikapu chake imetoka mfukoni mwa mzazi.

Yesu alilizungumzia jambo hili karibu neno kwa neno. Katika Marko 7 walikuwapo watu waliokuwa wakisema juu ya mali ambayo ingewasaidia baba na mama: "Hii ni Korbani", yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa maneno hayo wazazi wakakosa. Hakuwasifu kwa ukarimu wao. Aliwaambia wametangua neno la Mungu kwa desturi yao. Walikuwa watu wa dini kweli, wa kufunga na kuomba. Ni vyema ukumbuke hilo siku kiongozi atakapokuambia kwamba sadaka haiulizwi maswali.

Una cha kumtolea Mungu ambacho ni chako kweli. Ukiuza juisi au kusuka nywele Jumamosi ukapata faranga 10,000, fungu la kumi la hizo ni faranga 1,000, nazo nitazipokea kwa mikono miwili. Una saa pia. Ile saa moja unayoweza kumfundishia hesabu mtoto wa jirani ambaye shule yake iligeuzwa kambi, hiyo ni sadaka isiyomtoa Mama machozi.

Kuna neno moja ulilipitisha haraka katika barua yako: "sisi wote watu wa Butembo". Sikulipita. Naelewa lilivyoanza, mtu akiwa mgeni mjini hutafuta wanaosema lugha ya nyumbani, na wimbo wa Kinande usiku una faraja yake. Lakini huu ni mji ambamo watu wameuana kwa sababu ya makabila, na promosio yako ina Wahunde, Watutsi, Wahutu, Washi, Wanyanga, Warega. Wanakaa mabenchi tofauti, wana vikundi vyao vya WhatsApp, na humo yanaandikwa maneno ambayo aliyeyaandika asingeyasema mbele ya mama yake. Mkristo wa chuo cha Goma anajulikana zaidi humo kuliko kwenye mkesha. Akitumiwa picha au sauti inayoita kabila la mtu wadudu, anaisambaza? Ananyamaza? Anamwandikia aliyeituma, faraghani, kwamba hili silikubali?

Antiokia, mahali wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, kanisa lilikuwa na viongozi wa kuchanganyikana ajabu: Barnaba wa Kipro, Simeoni aliyeitwa Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli aliyekuwa ametesa kanisa. Imeandikwa Matendo 13. Wote meza moja. Mtu aliyepita nje asingeweza kuwaita kwa jina la kabila, maana halikuwapo moja la kuwatosha. Kwa hiyo kile kikundi cha takwimu nilichokushauri, usikifanye cha watu wa Butembo. Mchukue yule Mhunde anayejua hesabu, na yule dada Mtutsi anayekaa peke yake mbele. Mkimaliza, kuleni pamoja. Samaki wadogo wa sambaza na bugali si ghali. Habari ya imani itakuja yenyewe watakapokuuliza kwa nini hukutoa zile dola 10.

Nyumbani kwa shangazi sina mengi. Amka kabla ya kuamshwa, usitumie "niko kwenye maombi" kukwepa sufuria.

Kuhusu kikundi, usiondoke kwa ugomvi wala kwa ujumbe mrefu wa usiku. Mwambie kiongozi, ana kwa ana na ukiwa na mwenzako mmoja, kwamba umepunguza mikesha kwa ajili ya masomo, na kwamba dola 60 ulizotoa zilikuwa za minervali, unaomba zirudi. Akisema mbegu hairudi, muulize iko wapi na nani anaandika hesabu. Akikosa jibu, au akikutishia laana, hapo si mahali pako tena. Njoo na jambo hilo kwa mchungaji wa parokia yako, kwa sababu kikundi kinachokusanya pesa za vijana bila mtu mzima wa kukisimamia ni jambo la kanisa zima. Katika vyuo vyetu vipo vikundi vya Biblia vya wanafunzi wanaosoma sura moja, wanajadiliana saa moja, wanarudi kwenye silabusi. Havina makelele, kwa hiyo hukuviona.

Na Mama umpigie kabla hujajua kama pesa zitarudi au hazitarudi. Usingoje kujua, kwa sababu zikirudi utashawishika kunyamaza. Mwambie kiasi, siku na sababu, bila kumtupia kiongozi lawama yote. Huenda atakaa kimya kidogo, huenda atafoka. Kisha muulize malipo ya awamu inayofuata yatafikaje, na umwambie tarehe halisi ya mwisho iliyotolewa na ofisi ya fedha. Ukifikiwa na tarehe hiyo ukiwa na pengo, nenda ofisini mapema na barua ya kuomba kulipa kwa mafungu. Wakikuhitaji mtu wa kukudhamini, niambie, tutaandika barua hiyo pamoja.